Mvua Imenyesha Hapa: hotuba ya mfinyanzi kwa walimu na wanafunzi wa sanaa

Hotuba hii niliitoa hapa Iringa mbele ya walimu wa sanaa, wanafunzi wao na wafinyanzi wenzangu. Wengi ambao hamkuweza kufika mmeniomba niiweke, nami naiweka yote kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa zikipita ukutani nimeziacha.

Kamwene!

Mmeitikia wote, hata wageni wetu kutoka Dar es Salaam. Asanteni sana.

Wazee wetu, walimu wangu, wanafunzi, mama zangu wafinyanzi mliokaa mstari wa mbele: nimekuja na chungu kimoja. Nakiweka hapa mezani. Mlioko nyuma simameni mkione. Hakikupakwa rangi, hakina maua wala twiga. Kina mifereji tu, inaanzia shingoni na kushuka hadi tumboni. Mingine inakutana njiani na kuwa mmoja, mingine inapungua, inapungua, mpaka inapotea.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani, wa darasa la pili, aliingia karakanani kwangu akakishika chungu hiki. Akaweka kidole kwenye mfereji mmoja juu kabisa, akakifuata kidole chake mpaka chini. Kisha akaniuliza, "Mvua imenyesha hapa?"

Nikamwambia, ndiyo mwanangu, imenyesha.

Ndugu zangu, nimefanya kazi hii miaka mingi na nimesifiwa kwa maneno mengi makubwa kuliko yale. Hakuna lililonifurahisha kama swali la mtoto yule. Leo nataka niwaeleze kwa nini, na niwaombe jambo moja kabla hatujaachana.

Naanza na swali. Tazameni nje ya madirisha haya. Yale majabali ya Gangilonga, lile bonde la Ruaha Mdogo, vilima vile vinavyoelekea Kilolo. Nchi hii yetu ilichorwa, au ilichongwa?

Ilichongwa. Hakuna mahali maji yalipokuja na brashi. Maji yalikuja na subira, yakapunguza hapa, yakaacha pale. Basi kwa nini sisi wafinyanzi, tukitaka kuileta nchi kwenye chungu, jambo la kwanza tunalokimbilia ni brashi?

Nauliza kwa sababu nami nilikimbilia huko.

Miaka yangu ya mwanzo nilikwenda Isimila na daftari. Wenyeji mnapajua. Kwa wageni: ukitoka hapa mjini kwa barabara ya Mbeya ni kama kilomita 20, unakunja, unafika kwenye korongo ambalo ndani yake zimesimama nguzo za mchanga na udongo, nyingine ndefu kuliko nyumba. Hazikujengwa na mtu. Palipokuwa laini maji yalibeba, palipokuwa pagumu yakazunguka, na mzunguko huo umeacha nguzo. Nilikaa pale siku nzima nachora. Niliporudi nikafinyanga mtungi, nikaupaka udongo mweupe, kisha juu yake nikazichora nguzo zile kwa udongo mwekundu. Nikaongeza na jua linazama.

Mtungi ulipendwa. Nikafanya wa pili na wa tatu.

Mtungi wa nne nikausafirisha hadi Ikombe, Ziwa Nyasa, nikawaonyeshe Wakisi. Msiowafahamu, Wakisi wanakaa ukingoni mwa ziwa, chini ya Milima ya Livingstone. Milima inashuka karibu kuingia majini, nafasi ya kulima ni finyu, na akina mama wa pale wameishi kwa udongo kizazi baada ya kizazi. Vyungu vyao vinapakiwa kwenye mitumbwi mpaka Matema, na kutoka hapo vinasambaa Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Mama anaweka donge la udongo juu ya kigae kilichopinda, anakizungusha kwa mkono mmoja na kuupandisha udongo kwa mkono mwingine, na ukuta wa chungu unatoka mwembamba hadi unajiuliza umeshikwa na nini.

Basi nikamwonyesha mtungi wangu bibi mmoja ambaye wenzake walimheshimu kuliko wote. Aliugeuza polepole. Akaupapasa kwa dole gumba pale penye jua langu linalozama. Akasema, "Mjukuu wangu, umechora vizuri. Usiku taa ikizimwa, hizi nguzo zako ziko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Akanipa chungu chake, akaniambia nifumbe macho. Nikapitisha mikono. Kilikuwa laini tumboni, halafu begani, kabla shingo haijaanza, vidole vyangu vikakuta mistari aliyoikata, imelala mmoja juu ya mwingine kama mawimbi yanapokuja ufukweni jioni ziwa likiwa limetulia. Nilikuwa nimefumba macho na nililiona ziwa. Bibi akaniambia kwamba mtu anayechota maji gizani anakijua chungu chake kwa mkono, na mistari ile inamwambia mkono umefika wapi.

Wanafunzi, naomba mlishike hili. Chungu kinaishi mikononi. Mkono hauoni rangi. Mkono unaona mteremko, ukingo, shimo, kikwaruzo, na mambo hayo ndiyo nchi yenyewe ilivyo.

Nikarudi Isimila. Safari hii sikuchukua daftari.

Ilikuwa wakati wa mvua na usiku ilikuwa imenyesha kwa nguvu. Asubuhi nikashuka kwenye kijikorongo kidogo pembeni, nikachuchumaa. Nilichokiona ni kidogo sana, ukisimama hukioni. Kulikuwa na kokoto, ndogo kama punje ya hindi, imekaa juu ya kinguzo cha udongo chenye urefu wa kidole. Kuizunguka, udongo wote ulikuwa umebebwa na matone. Chini ya kokoto udongo umebaki. Karibu yake kulikuwa na kingine, na kingine, mji mzima wa vinguzo, kila kimoja kimevaa kofia yake.

Nikachukua kijiti, nikaidondosha kokoto moja. Nikakimwagia kinguzo kile maji ya chupa, kidogo kidogo. Kikalainika, kikaegama, kikaisha.

Ndugu zangu, nilikaa pale kwenye tope nikiwa kama mtu aliyefunguliwa mlango. Miaka yote nilikuwa nakopi sura ya nguzo, na kumbe nguzo ni kazi inayofanyika. Ilinibidi nijifunze ile kazi.

Nieleze nilichokifanya, na walimu mnaweza kukijaribu shuleni, vifaa vyake havina gharama kubwa. Nilichukua chungu kilichokauka kabisa, ambacho bado hakijaingia motoni. Nikayeyusha nta ya nyuki kwenye kopo juu ya jiko la mkaa. Kwa brashi nyembamba nikapaka nta pale tu nilipotaka pabaki: mistari, madoa, ukanda begani. Nta ikaganda. Kisha nikachukua sifongo, nikailowesha, nikaikamua vizuri, nikaanza kupangusa chungu chote, kwa mwendo wa polepole, kutoka juu kwenda chini kama maji yanavyopenda kwenda.

Mara ya kwanza hakuna kinachoonekana, ila sifongo inatoka nyekundu. Unaisuuza, unakamua, unapangusa tena. Mara ya tatu, ukikigeuza chungu kwenye mwanga wa dirisha, unaona kivuli chembamba kando ya kila mstari wa nta. Hapo unakiacha kikauke, maana udongo mkavu ukinyweshwa maji kwa pupa unavimba na kupasuka, na nimepoteza vyungu kadhaa kabla sijajifunza kungoja. Kikikauka unaendelea. Mara ya saba, mara ya kumi. Sasa mstari umesimama, una unene wa sarafu, na kando yake kumetokea mabonde ambayo wewe hukuyapanga. Chembe za mchanga zilizokuwa ndani ya udongo zimetokeza. Mahali pengine sifongo imekula zaidi kwa sababu donge lilikuwa laini pale, na hilo hukulijua mpaka maji yalipokuonyesha. Chungu kikiingia kwenye tanuri, nta inaungua na kwisha, na kilichobaki ni ardhi.

Chungu hiki kilichoko mezani kilifanyika hivyo. Sikuchora nguzo hata moja. Mtoto akauliza kama mvua imenyesha.

Kuna jambo lingine la Isimila nalipenda na lazima niliseme. Watu walioishi pale zamani sana, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, waliacha mashoka ya mawe. Uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 1957 na 1958, na hadi leo mashoka yamelala pale chini unayaona. Sasa, shoka la jiwe linatengenezwaje? Unalipiga, kipande kinaruka. Unapiga tena, kingine kinaruka. Hakuna unachoongeza. Fundi wa kale kabisa tunayemjua katika wilaya hii alikuwa fundi wa kupunguza, na alikuwa akipunguza palepale ambapo maji nayo yanapunguza. Kila nikishika kisu nawaza hilo.

Tukishafika kwenye kisu, watu huniuliza: unatumia kisu gani? Nami huwauliza: saa ngapi?

Maana kuchonga udongo ni suala la saa. Udongo ukiwa bado kama ugali wa moto, kisu kinauburuza na kuacha makovu. Ukikauka ukawa kama biskuti, unamung'unyika. Katikati ya hapo kuna muda, wakati mwingine nusu siku, wakati mwingine saa moja tu, ambapo udongo ni kama mche wa sabuni uliotoka kukatwa dukani. Kisu kikipita kinaacha uso unaong'aa, na kipande kinajikunja kama ganda la chungwa. Huo ndio wakati wa kuchonga. Mwezi wa 6 na wa 7, upepo wetu wa baridi hapa Iringa unaula muda huo haraka. Upande unaotazama mlango unakauka huku upande wa pili ungali mbichi. Kwa hiyo nafunika kwa kitambaa chenye unyevu na mfuko wa nailoni juu yake, nafunua kiganja kimoja, nachonga, nafunika, nafunua kingine. Simu nazima. Mgeni akija anakaa anasubiri, na wanaonizoea wameshajua.

Na visu vyenyewe? Spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha. Kipande cha msumeno wa chuma. Kijiko kilichonolewa ukingo. Gunzi la mahindi la kuviringisha pale ninapotaka uso wenye chunusi kama gome la mti. Vijana, msinunue seti ya vifaa kutoka nje kabla hamjajua mkono wenu unataka nini.

Ukuta wa chungu cha kuchonga lazima uwe mnene tangu mwanzo. Mimi huupandisha kwa milimita 12 hivi, na sizami zaidi ya nusu yake. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu umekuwa na chungu chenye sehemu nene na sehemu nyembamba, na kila moja inataka kukauka na kusinyaa kwa wakati wake. Udongo wangu unasinyaa karibu asilimia 10 kutoka mbichi hadi kuiva: mtungi wa sentimita 30 unatoka motoni ukiwa na 27. Zile tatu zinatoka wapi? Zinatoka kila mahali kwa pamoja, na kama hazikutoka kwa pamoja, unapata ufa.

Mtungi wangu wa kwanza mkubwa wa kuchonga niliufanyia kazi siku tisa. Ulikuwa na makorongo kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Niliupenda mno, na kwa kuupenda sikutaka kungoja. Kwa nje ulikuwa mkavu kabisa, ukiugusa hausemi kitu. Lakini kitako kilikuwa kinene na ndani yake maji yalikuwa yangalipo. Nikawasha tanuri, nikaongeza moto mapema. Maji yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke unadai nafasi mara nyingi kuliko maji. Nikasikia mlio, kama mtu amepiga mlango kwa ngumi. Halafu kimya.

Nilipofungua kesho yake nilikuta vigae, na baadhi ya vyungu vya jirani vimevunjika pamoja nao. Niliviokota kimoja kimoja. Vigae vile vyenye makorongo ninavyo hadi leo, vimepangwa dirishani, na kila mwanafunzi anayekuja kwangu namwanzishia hapo. Sasa chungu cha kuchonga nakikausha wiki tatu, na siku ya moto nakaa saa nyingi chini ya nyuzi 100 kabla sijaruhusu moto kupanda. Kuna hatua nyingine za hatari huko mbele, kwenye nyuzi 573 ambapo chembe za jiwe la kwazi (kwa Kiingereza quartz) ndani ya udongo zinabadilika umbo na kutanuka ghafla, lakini hayo walimu wa kemia wataeleza vizuri kunishinda.

Nisikilizeni sasa, hasa ninyi mnaoambiwa kwamba chungu cha kuchonga ni sanaa ya kigeni, ya maonyesho ya Ulaya. Nani kawaambia?

Kuzunguka Ziwa Victoria, Kagera, Rwanda, Burundi, Uganda na magharibi mwa Kenya, vimechimbuliwa vyungu viitwavyo vya Urewe. Vya kale zaidi vina zaidi ya miaka 2,000. Vimekatwa mifereji begani, mistari inapinda na kuzunguka, na vingine vina kibonyeo kitakoni, kama mfinyanzi aliaga kwa kidole. Pwani kukawa na vyungu vya Kwale, midomo yake imekatwa pembe kwa ustadi. Kisha kuanzia karne ya 6 hivi mpaka ya 10, kutoka pwani ya Kenya hadi Msumbiji na visiwani, kukawa na vyungu vyenye safu za pembetatu zilizokwaruzwa shingoni, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyevipa jina linalotokana na pembetatu hizo. Baadaye bakuli za kijani za Uchina, zenye petali zilizochongwa chini ya mng'aro wa kioo unaoyeyushwa juu ya udongo tanurini, zikafika Kilwa na Gedi kwa majahazi, zikawakuta watu ambao kuchonga walikuwa wanakujua tangu zamani. Nao hao ndio waliochonga matumbawe ya misikiti yao, na wajukuu zao wakachonga milango ya Lamu na Unguja yenye mawimbi, samaki na mayungiyungi.

Niliwahi kuruhusiwa kukishika kigae kimoja chenye zile pembetatu. Kidogo, kinatosha kiganjani. Nilikiangalia kwa kioo cha kukuzia. Pembetatu tano zimekaa sawasawa. Ya sita mstari wake haukukutana. Mfinyanzi ameona, amerudi, amekata mstari mwingine kando yake ili kuifunga. Miaka zaidi ya 1,000 imepita na bado unaona mkono umesita, ukaamua. Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nilimwona mtu.

Na kama mnataka mtu wa karibu zaidi, kuna mama mmoja wa Nigeria ambaye kila mwanafunzi wa ufinyanzi Afrika Mashariki angefaa kumjua kwa jina. Ladi Kwali. Alizaliwa mnamo mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, akafundishwa na shangazi yake kufinyanga kwa kamba za udongo. Hakukizungusha chungu, alikizunguka yeye, mguu kwa mguu, kinyumenyume, huku ukuta ukipanda. Na kwenye ngozi ya chungu alikwaruza viumbe vya nchi yake: mijusi, nge, kinyonga, mamba, nyoka, samaki, ndege, vyote vikiwa vimefungiwa ndani ya mistari kama mashamba yaliyopakana. Vyungu vyake vilikuwa vimewekwa katika jumba la Emir wa Abuja, na hapo ndipo Mwingereza Michael Cardew, aliyeanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi katika mji huo ambao leo unaitwa Suleja, alipoviona. Mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga na kituo hicho, mwanamke wa kwanza kuingia.

Nipendacho kwake ni hiki. Alipata tanuri ya moto mkali na mng'aro wa kioo, mambo ambayo kijijini hayakuwapo. Hakuacha mijusi yake. Mng'aro ukatiririka ukajaa ndani ya mikwaruzo ile ile ya shangazi yake, ukatulia pale kama maji kwenye nyayo. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa shahada ya heshima ya udaktari, na hajawahi kukaa darasani kusomea. Leo yuko nyuma ya noti ya naira 20, akiwa na chungu chake. Niambieni, walimu wangu: ni nchi ngapi mnazozijua zilizomweka mfinyanzi kwenye pesa yake?

Na uzi huo ukafika kwetu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja katika miaka ya 1970 akiwa msichana anayejifunza, akafanya kazi na Ladi Kwali. Yeye hakuchagua kuchonga. Alichagua kusugua, mpaka chungu kinang'aa chenyewe bila mng'aro wa kioo, na umbo lenyewe linakuwa kiuno, shingo, mimba. Leo vyungu vyake viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Namtaja ili mjue kwamba kujifunza kwa mtu si lazima umalize kwa kumfanana.

Nina jambo moja zito, nalo nitalisema taratibu.

Ruaha Mkuu mnaujua. Ule mto uliokuwa unapita mwaka mzima katikati ya hifadhi, mwaka 1993 ulikauka wakati wa kiangazi, na tangu hapo kukauka kwake kumekuwa kama desturi ya kila mwaka. Maji yanachotwa juu kule Usangu kwa mashamba ya umwagiliaji, yanayobaki hayatoshi kuvuka. Nilikwenda mwezi wa 9 mwaka mmoja. Kitanda cha mto kilikuwa mchanga mtupu, umekunjwa mistari na upepo, na katikati yake mashimo. Tembo wameyachimba. Wanachimba kwa mguu na mkonga mpaka wanayafikia maji yaliyolala chini, wanakunywa, wanaondoka, na wanyama wadogo wanakuja nyuma yao kunywa palepale.

Nilirudi nikafanya bakuli saba. Sikuweka tembo hata mmoja. Nilikata mistari ya mchanga ubavuni mwote, mistari ya chini ya milimita moja, na katika kila bakuli nikachonga shimo moja, refu kiasi cha ncha ya kidole kuzama. Ndani ya shimo peke yake nikaweka tone la mng'aro wa kijani. Kwingine kote ni udongo mkavu usiopakwa kitu.

Mzee mmoja kutoka Pawaga alipita karakanani kununua mtungi wa maji. Aliichukua bakuli moja akiwa anaongea mambo mengine kabisa, bei ya mpunga nadhani. Kidole chake kikakuta lile shimo. Akanyamaza. Akaingiza kidole, akakitoa, akakiingiza tena. Akasema, "Hapa ndipo maji yalipo." Hakuniuliza ni bakuli la kazi gani. Nilitaka kumpa, akakataa, akasema kwake kuna watoto watalivunja. Nikamwambia nitaliweka, siku watoto wakikua alichukue. Bado ninalo. Ni lake.

Nimelisimulia hili kwa sababu swali la "hiki ni cha kazi gani?" linawasumbua sana vijana wetu. Wanaulizwa na wazazi, wanaulizwa na wanunuzi, wanaulizwa hata na ninyi walimu, mnisamehe. Mtungi wa kuwekea maji una kazi, na nawaheshimu wanaoufanya, mimi mwenyewe naufanya na ndio unaolipa kodi ya karakana. Lakini kumfanya mzee wa Pawaga anyamaze katikati ya habari ya mpunga, kidole chake kikiwa ndani ya mto ule, nayo ni kazi.

Sasa lile ombi langu.

Walimu, muhula ujao mkiwapa watoto udongo, naombeni wiki ya kwanza msifinyange kitu chochote. Watoeni nje. Kila mmoja awe na donge la ngumi moja mkononi. Waligandamize kwenye gome la mwembe, kwenye ukuta wa matofali, kwenye jabali, kwenye unyayo wa mbuzi, kwenye kijikorongo nyuma ya choo cha shule ambako maji ya mvua yanapita. Wafumbe macho wapapase alama walizozipata, wabadilishane, wakisie ya mwenzao imetoka wapi. Bila picha za simu. Picha ya simu ni bapa, na mtoto aliyeanza na kitu bapa atachora bapa, kama mimi na jua langu linalozama. Udongo wenyewe mtaupata bondeni bure, ila fukieni mashimo mnayochimba. Tusiwe sisi ndio tunaoongeza makorongo.

Na ninyi mama zangu wa mstari wa mbele: wiki ya pili, watoto wakianza kufinyanga, walimu watawahitaji. Mkiitwa, nendeni. Msiseme hamkusoma.

Nimesema mengi. Vyungu vyangu vingine viko meza ya nyuma, kumi na mbili, pamoja na vile vigae vya mtungi uliopasuka. Njooni mvishike. Kuna karatasi iliyoandikwa "usiguse", imewekwa na aliyeandaa ukumbi kwa nia njema, nami nimemwomba ruhusa ya kuiondoa. Shikeni kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako. Cheusi kile cha pembeni kina ukingo mkali kidogo upande wa kushoto, angalieni watoto. Na kama kuna mtu anayeweza kuzima taa kwa dakika chache, tafadhali azizime sasa.